Mwaka wa Dundu wa Mwalimu

Jana tumemzika Vestine kule Gahanga, na sitasema uongo, kilichonitoa machozi kwanza hakikuwa jeneza. Ilikuwa hasira. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwake na kina mama wa kanisani, tumeshika vikombe vya chai ya maziwa ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo, mara kijana mmoja wa ukoo, suti imemkaa vizuri, akamchukua dundu wa jiwe aliyewekwa kando ya picha ya marehemu, akampima uzito kiganjani, akasema, "Kumbe huyu bibi mukecuru ilikuwa na hilizi!" Weee! Kina mama wakarudisha mikono mapajani. Nikamwambia, "Mwanangu, mrudishe alipokuwa. Tena kwa mikono miwili." Ni kweli, waliomchonga kule Misri ya kale walimchonga awe hirizi, siwezi kukana, lakini neno likitamkwa kwa namna ile linamfanya mtu aonekane mchawi kwenye msiba wake mwenyewe. Baadaye Aline, binti wa Vestine, alinifuata jikoni. "Tanti, mama alikuwa anasema wewe ndiye unayejua. Andika basi, kabla na wewe hujaenda." Mtoto hana adabu, lakini ana haki. Leo nimekaa dukani kwangu Kimironko kati ya majora ya vitenge, mvua imewafukuza wateja, na ninaandika.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Tabora nilikozaliwa, nimekuja kuishi na shangazi yangu Keziya katika nyumba moja ya Kacyiru, hapa Kigali. Nyumba haikuwa yetu. Ilikuwa miaka michache tu baada ya jenoside. Mji ulikuwa na nyumba zilizokosa watu, na sisi tuliorudi kutoka nje tulikuwa watu tuliokosa nyumba. "Tumewekwa hapa kwa muda," Shangazi alikuwa akijibu akiulizwa, na alijibu haraka, kisha anageuza mazungumzo. Mimi nilipewa chumba cha upande wa mashariki. Dirisha lake lilikuwa kubwa kuliko madirisha mengine yote, ukutani kulikuwa na misumari mitupu, na sakafu ya simenti ilikuwa imejaa matone ya rangi, bluu, nyekundu, kijani, ambayo nilisugua kwa brashi hadi mikono ikachubuka na hayakutoka. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, ndivyo wanavyosema. Mimi nililala ndani. Kila asubuhi, jua likianza kugusa kioo, nilikuwa naamka nikiwa na hakika kwamba kuna mtu amesimama nje ya dirisha. Hakugonga wala hakusema. Nilisikia tu kitu kama mtu anayefyonza chai ya moto, fyoo, anapumzika, fyoo tena. Nikifungua pazia, hamna mtu. Nilipomwambia Shangazi alinitazama sana, akasema ni mabomba ya maji. Nyumba ile haikuwa na bomba upande ule, na yeye alijua.

Chini ya dirisha hilo, kwa nje, Shangazi alipanda mchicha. Alipachagua mwenyewe wiki ile tuliyohamia, kwa sababu udongo wa pale ulikuwa laini kuliko kwingine kote uani, jembe linazama lenyewe. Mchicha wa hapa wanauita dodo, na ule wetu ulikuwa na majani mapana ajabu, mabichi hadi yanaelekea weusi. Asikwambie mtu, Shangazi alijua kupika. Aliukaanga na vitunguu, akatia karanga za kusaga, tukala na ugali wa muhogo, na mchuzi uliobaki chini ya bakuli nilikuwa nikiufuta kwa kidole. Majirani walikuja kuomba mbegu. "Udongo wa Kigali una baraka," alisema, akafunga fungu jingine la kumpa mtu. Tulikula mchicha ule karibu mwaka mzima, na nauandika hapa mapema ili nisije nikashindwa mbele.

Siku moja mchana, nikiwa jikoni nachambua maharage, alikuja mzee mmoja mwembamba, tepu ya kupimia shingoni. Jina lake Tarsisi. Alikuwa fundi cherehani; zamani alishonea kwenye kibaraza cha jirani, sasa alikuwa na mashine yake soko la Kimironko. Shangazi Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu, kwa hiyo mzee alijitahidi kwa Kiswahili, nami nilisikia kila neno kupitia dirisha la jikoni. "Mama, mwalimu ya hii nyumba ilikuwa mutu muzuri. Ilikuwa inafundisha watoto kuchora. Alibaki mutoto yake moja, musichana. Akikuja, mumwambie: iko mahari yake. Mimi nakohoa damu, sijui kama nitamuona." Shangazi akauliza, "Mahari yake? Mahari gani, baba?" Mzee akaangalia barabarani, ambako watu wawili walikuwa wanapita, akavuta tepu yake kama anayetaka kujipima shingo. "Mumwambie hivo tu, mama. Iko mahari yake. Atajua." Hata maji hakunywa. Mwezi uliofuata tulisikia amefariki, na Shangazi alikwenda kwenye maziko yake na kilo ya sukari.

Sasa nielezeni, mwanamke aliyelelewa Tabora, anayependa harusi kuliko chakula, ukimwambia "mahari" ataelewa nini? Shangazi alijenga nyumba nzima juu ya neno lile. Kuna kijana, alisema, aliyekwisha kutoa mahari kwa marehemu Mwalimu, na mahari hiyo ipo, imehifadhiwa mahali. Huenda ni ng'ombe. Huenda kijana mwenyewe yu hai, anamtafuta bibi yake mji mzima, maskini ya Mungu! Aliwauliza majirani. Aliuliza kanisani. Nami nikamwamini, kwa sababu katika nyumba ile iliyojaa vitu visivyosemwa ilikuwa raha kuwa na jambo moja lenye vigelegele ndani yake.

Vestine alikuja wakati wa mvua za vuli. Nilimfungulia geti nikaona msichana wa rika langu, sweta ya kijani, viatu mkononi kwa ajili ya tope, na macho yake yalinipita yakaenda moja kwa moja kwenye dirisha la chumba changu. Shangazi alijua mara moja; kila mtu aliyeishi katika nyumba ya watu alikuwa akiingoja siku hiyo. "Nyumba ni yenu, mwanangu," alisema, "tupe tu muda wa kufungasha." Vestine akatikisa kichwa. "Mimi sitaki nyumba, Mama. Nataka kujua papa iko wapi. Nimezunguka pahali pote walipozika watu. Nataka kumuzika, basi. Nitarara wapi mimi, papa akiwa anarara sijui wapi?" Nami, Mungu anisamehe kwa ushamba wangu wa Kiswahili sanifu, nikasema taratibu, "Si iko. Ni yuko. Papa yuko wapi." Alinitazama kwa mshangao, kisha akacheka kidogo, na hivyo ndivyo tulivyoanza kuwa marafiki. Shangazi akampa ujumbe wa Tarsisi jinsi alivyouelewa yeye, umeshafuliwa na kupigwa pasi: "Baba yako alikuachia mahari. Kuna mtu amekuposa." Vestine akaweka viatu vyake chini. Akasema hajawahi kuposwa na mtu yeyote, na kama baba yake angepokea ng'ombe wangewafunga wapi, Kacyiru?

Akawa anakuja kila Jumapili, anakula nasi, kisha anaingia chumbani kwangu, chumba cha kuchorea cha baba yake, na kukaa sakafuni juu ya matone ya rangi. Huko ndiko nilikosikia habari za dundu. Mgiriki mmoja mwenye duka mjini, aliyewahi kuishi Misri, alimpa Mwalimu kama asante kwa kumchorea sura ya marehemu mkewe. Mwalimu alichonga shimo katika kizingiti cha dirisha, upande wa nje, umbo sawasawa na tumbo la dundu, akamkalisha humo. Kila asubuhi alisimama nje na kikombe chake cha chai, kusubiri jua limfikie. "Wamisri walisema dundu ndiye anayesukuma jua, kama yule wa shambani anavyosukuma mavi ya ng'ombe," Vestine alieleza. "Papa alisema huwezi kumujua mpaka umemuona na jua ya asubuhi." Nikamuuliza baba yake alikunywaje chai. "Kwa sauti," akasema. "Mama alikuwa anamukaripia." Sikumwambia nilichokuwa nikisikia. Siku ile ya kwanza alikuwa amepapasa kizingiti, akakuta kimesawazishwa na kupakwa chokaa, akajua wezi wameondoka na dundu pia. Ndiyo hivyo: hakuwa na kaburi, hakuwa na picha hata moja, na hata jiwe lile hakuwa nalo.

Jumapili moja tulikuwa tunaosha vyombo. Nikauliza kifuniko cha sufuria kiko wapi. Vestine, mgongo umenigeukia, akajibu, "Iko mahari yake." Nikaanza kucheka. "Sufuria nayo imeposwa?" Kisha nikainua macho. Kifuniko kilikuwa pale pale, kwenye msumari wake. Mahali pake. Nikamshika Vestine kwa mikono yenye povu, nikamwambia aseme tena, akasema tena, na r yake ilikuwa ile ile ya Tarsisi. Jamani! Shangazi alikuwa amemwoza Vestine kwa vicheko na vigelegele vya harusi, kumbe mzee wa watu alisema mahali. Vestine akapiga kelele, "Dundu!" na kabla sijakausha mikono alishatoka nje, amekanyaga mchicha, anakwangua kizingiti kwa kisu cha mezani. Chokaa ikatoka, ikafuata simenti mbovu iliyotiwa kwa vidole. Na ndani yake, amelala kifudifudi kama alivyowekwa, dundu.

Tuliingia naye chumbani tukamwosha kwenye bakuli. Nitamweleza, maana wale kina mama jana hawakumtazama. Anajaza kiganja. Jiwe lake ni la kijani kibichi kinachokwenda kwenye weusi, na mgongo ameachwa mtupu kabisa, hana urembo, isipokuwa mistari mitatu myembamba inayoshuka katikati pale mbawa zinapokutana, imekimbizana hadi mwisho bila kugusana. Kichwa kina meno kama reki, ya kuchimbia. Miguu imekunjwa ubavuni, na kwenye kila mguu fundi amekata vinyweleo, ambavyo huvioni ila ukivipapasa kwa ukucha. Tangu hapo nimeona picha nyingi kwenye simu ya mwanangu: wadogo wa jiwe laini lililopakwa rangi ya kioo likachomwa likawa gumu, wa jiwe la zambarau wasio na neno hata moja, wa udongo waliofyatuliwa kwenye kalibu, wametobolewa kwa ajili ya uzi wa pete. Wengi ni kazi ya haraka, mstari mmoja mgongoni na miguu imekwaruzwa tu. Wa Mwalimu alichongwa na mtu aliyekuwa na subira na aliyewahi kulala kifudifudi kumwangalia dundu wa kweli. Tumboni amejaa maandishi, safu juu ya safu, vijindege na macho na mawimbi. Vestine alijua maana yake kwa kuhadithiwa. Dundu kama huyu aliwekwa kifuani mwa maiti, na maandishi yanausihi moyo wa marehemu usije ukatoa ushahidi dhidi ya mwenyewe siku ya kupimwa kwenye mizani.

"Na papa alisema," Vestine aliendelea, akipitisha kidole mgongoni, "Wamisri wakichora huyu mududu kwa maandiko yao, si mududu tena. Inasomeka 'kuwa'. Kutokea, kuwa." Nikamtania, "Basi huyu ndiye iko yako." Hakucheka. Alimweka dundu chini. "Yule muzee, alisema jina ya dundu?" Nikafikiri. Nilikuwa jikoni, nilisikia kila neno. "Hapana," nikasema. "Shangazi alidhani mahari, sisi tumedhani dundu. Yeye alisema tu iko." Vestine akanikazia macho. "Wewe kila siku unanisahihisha. Sahihisha sasa. Iko, ni kitu ama mutu?" Nilifungua mdomo. Tabora ni kitu. Lakini Kigali, kwa mzee kama Tarsisi, iko ni sufuria, ni ng'ombe, ni mwalimu, ni Mungu mbinguni. Tuligeuka pamoja tukatazama nje ya dirisha, pale mwalimu alipokuwa akisimama na chai yake, na Shangazi alikuwa ameinama pale pale, anakusanya mchicha uliokanyagwa ili usiharibike, anaimba tenzi kwa sauti ya puani.

Viongozi wa mtaa walikuja na wanaume wenye majembe, na hawakuchimba sana. Alikuwa amefungwa ndani ya shuka, na shuka ilikuwa imeshonwa. Haikuviringishwa tu, ilishonwa kuanzia miguuni hadi juu kwa uzi wa nailoni, mishono midogo iliyolingana, uzi umekataa kuoza. Hapo nilielewa kwa nini Tarsisi alikuwa anaangalia barabarani. Alimshona, akamzika pale alipopapenda, akamfungia dundu wake juu, katika siku ambazo kumfanyia mtu hivyo kulitosha kukuua, na baadaye bado hakujua nani anapita na anasikia. Vestine alipiga magoti akawa anapitisha kidole kwenye mishono, mmoja mmoja. Shangazi Keziya alikaa chini kwenye tope na gauni lake la kanisani. "Tumemla," akasema. "Ee Mungu wangu, tumemla mtu wa watu." Aliingiza vidole mdomoni kama mtoto aliyemeza sarafu, na ilibidi nimshike mikono. Vestine akaja akakaa karibu naye. "Na mimi nilikula, Mama," akasema. "Ilikuwa tamu." Wakalia wamekumbatiana hadi jua likahama uani. Asubuhi zilizofuata niliamka kabla ya mwanga nikategea sikio. Hakukuwa na sauti tena, na nitasema wazi, nilimkosa.

Tulimzika Gahanga, kwenye shamba la wazee wake, enzi hizo hamna nyumba hata moja, ni muhogo na upepo tu. Jana nimekuta maghorofa yanachungulia makaburi. Tulikuwa watu wachache. Bibi mmoja wa ukoo, aliyenusurika akiwa Bugesera, alisema dundu awekwe ndani ya sanduku, kifuani, kwa kuwa marehemu alimpenda na ndiyo kazi ya mdudu yule tangu mwanzo. Lilikuwa wazo la huruma, na sote tulimgeukia Vestine tukidhani atakubali. Alimtoa dundu mfukoni mwa sweta. Alimgeuza tumbo juu, akayatazama yale maandishi. "Hapana," alisema, kwanza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili ili mimi na Shangazi tusiachwe. "Hii inaomba moyo inyamaze. Moyo ya papa haina kitu ya kuficha. Wacha ikaseme yote, iseme na majina." Akamrudisha dundu mfukoni, na mwaka uliofuata yeye mwenyewe alisimama mbele ya watu akayasema majina ya waliomuua, lakini hiyo ni ya Aline kuandika, si yangu.

Katekista akamaliza sala. Wanaume wakashika majembe, na hapo Shangazi akasema, "Ngojeni." Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi, mwanamke ambaye hata usingizini anaongea. Akavua viatu, akasogea hadi ukingoni mwa kaburi, akapiga makofi mawili mepesi kama wanavyofanya watu mlangoni. "Hodi, Mwalimu," akasema. "Niliingia kwako nikakuta mlango wazi, nikapita. Nikalala, nikapika, nikapanda, nikavuna. Sikupiga hodi hata siku moja. Ndiyo napiga sasa. Hodi humu." Na sisi sote, kwa mazoea tu, kwa sababu hodi haiachwi hewani, tukanyamaza tukasubiri. Upepo ulipita kwenye muhogo. Nilimwona katekista mwenyewe ameinamisha sikio. Shangazi alibaki amesimama peku kwenye udongo mbichi, mikono kifuani, akitazama chini kwenye sanduku, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye hataondoka pale asipoitikiwa.

"Karibu, Mama," Vestine akasema.